Maji ya kupoozea mitambo ya umeme: namna ya kupunguza madhara yake

Mtambo wa umeme unaoendeshwa kwa mvuke hutupa joto jingi kuliko umeme unaoutoa. Mvuke ukishazungusha turbini lazima ugeuke maji tena ndani ya kondensa, na joto lake lazima lichukuliwe na kitu. Kwa mitambo mingi kitu hicho ni maji ya mto, ziwa au bahari. Huvutwa kwa pampu, hupita mara moja kwenye maelfu ya mirija myembamba, kisha hurudishwa yalikotoka yakiwa yamepanda joto kwa nyuzi 8 hadi 12 za Selsiasi.

Madhara yake ni manne. Samaki hubanwa kwenye machujio ya mlangoni. Mayai, mabuu na planktoni (viumbe wadogo mno wanaoelea majini), ambao chujio la kawaida haliwazuii, huingia ndani na kukutana na panga za pampu, joto na klorini. Maji ya moto hubadilisha maisha pale yanapotokea. Dawa zilizotiwa ili mirija isiote viumbe humwagwa pamoja nayo. Mitambo yenye minara ya kupoozea ina la tano, nalo ni maji yanayopotelea hewani.

Hayo yote yana mzizi mmoja, yaani wingi wa maji yanayovutwa. Ukipunguza wingi, umepunguza viumbe wanaoingia, dawa inayohitajika na ukubwa wa machujio kwa mpigo mmoja. Kwa hiyo mpangilio wa kazi uwe huu: wingi kwanza, mlango wa kuingilia pili, dawa tatu, mahali pa kutolea mwisho. Anayeanza kwa kununua chujio la gharama kabla hajapiga hesabu ya pampu ameanza mkiani.

Hesabu ya joto

Kwanza jua joto linalotupwa na kondensa, kwa megawati. Usilikisie kutoka kwenye kibao cha mtambo. Lipate kwenye karatasi za majaribio ya kondensa, au pima mtiririko wa maji na tofauti ya joto kati ya kuingia na kutoka. Kisha gawanya:

mtiririko (mita za ujazo kwa sekunde) = joto (MW) ÷ (4.1 × ongezeko la nyuzi)

Namba 4.1 ni ya maji ya bahari. Kwa maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, tumia 4.18. Chukua kondensa inayotupa MW 140, kiasi cha kawaida kwa turbini ya mvuke ya MW 100 hivi. Kwa ongezeko la nyuzi 8 unahitaji mita za ujazo 4.3 kwa sekunde, karibu 370,000 kwa siku. Kwa nyuzi 10 ni 3.4. Kwa nyuzi 12 ni 2.8. Kutoka nyuzi 8 hadi 12, theluthi nzima ya maji imebaki baharini pamoja na kila kilichomo ndani yake.

Bei yake ni kwamba maji yanatoka yakiwa ya moto zaidi, na kondensa inapoteza kiasi cha utupu wake, yaani shinikizo la chini linalovuta mvuke kupitia turbini, hivyo mtambo unachoma mafuta zaidi kidogo kwa kila uniti ya umeme. Ndiyo maana hesabu hii haifanywi mara moja kwa mwaka mzima. Ifanye kwa kila mwezi, ukitumia joto halisi la maji ya kuingilia. Katika miezi ya baridi kondensa nyingi huwa na nafasi kubwa ya kupunguza maji bila hasara inayoonekana. Katika miezi ya joto nafasi hiyo hupungua au huisha.

Je, si afadhali maji mengi yenye joto dogo kuliko machache yenye joto kubwa? Kwa viumbe wanaopita ndani, hapana. Hesabu ya tahadhari ni kwamba kila anayeingia anakufa, kwa sababu kama si joto ni pampu, na kama si pampu ni klorini. Joto linalotoka unaweza kulitawanya kwa bomba lililosanifiwa vizuri. Mabuu aliyekwisha kufa huna la kumfanyia.

Kupunguza wingi bila kujenga kipya

Hatua ya bei nafuu kuliko zote ni kuangalia ratiba ya pampu. Mitambo mingi ina pampu mbili kwa kila kondensa, na zote huachwa zikizunguka hata mtambo ukiwa nusu ya mzigo, au ukiwa umezimwa na unangoja kuitwa. Andika kwenye mwongozo wa uendeshaji mzigo ambao chini yake pampu ya pili inazimwa, na muda ambao pampu zote zinazimwa baada ya turbini kupoa. Hakikisha kwanza vali ya kuzuia maji kurudi nyuma ya pampu iliyozimwa inafunga sawasawa. Ikivuja, pampu iliyobaki itasukuma maji kinyumenyume kupitia ile iliyolala, na utakuwa umelipia umeme kwa kazi ya bure.

Hatua inayofuata ni kidhibiti kasi cha mota. Mtiririko hufuata kasi moja kwa moja, lakini nguvu hufuata kasi kwa kipeo cha tatu: pampu ikizungushwa kwa 80% ya kasi yake hutoa 80% ya maji kwa takriban 51% ya nguvu. Hiyo ni pale ambapo karibu kazi yote ya pampu ni kushinda msuguano. Kama maji yanainuliwa juu mita kadhaa, akiba ni ndogo kuliko hapo, na ukishusha kasi kupita kiasi pampu itazunguka bila kusukuma chochote. Chora mstari wa pampu (kimo inachoweza kusukuma kwa kila mtiririko) na mstari wa mfumo (kimo ambacho mabomba yanadai) kwenye karatasi moja kabla ya kuagiza kifaa.

Mambo matatu huharibika watu wakishusha kasi bila uangalifu. La kwanza, kasi ya maji ndani ya mirija ya kondensa: kwa kawaida ni mita 1.8 hadi 2.4 kwa sekunde, na ikishuka karibu na mita 1, tope hutua na ute wa bakteria hushika. Baada ya wiki chache kondensa ni chafu, fundi anaongeza klorini, na faida imeliwa. La pili, maji ya kutokea yanayoshuka kwa mvuto wa sifoni, ambapo maji yanayoshuka bombani huvuta yaliyo nyuma yake: mtiririko ukipungua sana hewa hujikusanya juu ndani ya sanduku la maji la kondensa, sifoni hukatika, na mirija ya juu hukauka. Toboa mahali pa kutolea hewa na uweke kipimo cha kina cha maji hapo. La tatu ni mtetemo. Kuna kasi moja au mbili ambazo shafti ndefu ya pampu ya wima huitikia kwa kutikisika. Zitafute wakati wa majaribio, na umwekee kidhibiti amri ya kuziruka.

Ratiba ina nguvu kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu mabuu hawaji sawasawa mwaka mzima. Vuta sampuli mlangoni kwa wavu wa planktoni wenye matundu ya mikroni 335 hivi, kila baada ya saa 6 kwa siku nzima, mara mbili kwa mwezi, kwa mwaka mmoja. Utaona wiki ambazo idadi inapanda mara nyingi kuliko kawaida, na mara nyingi utaona usiku unazidi mchana. Matengenezo makubwa ya mwaka yapange yaangukie wiki hizo. Hapo umeokoa msimu wa kuzaana bila kununua hata bolti.

Mlango wa kuingilia

Kipimo cha kukumbuka ni mita 0.15 kwa sekunde. Hiyo ndiyo kasi ya maji kwenye matundu ya chujio ambayo samaki wengi, hata wadogo, wanaweza kuishinda na kujinasua. Kanuni ya Marekani ya 2014 kuhusu milango ya maji ya kupoozea inaikubali kuwa mojawapo ya njia za kutimiza sharti la kutobana samaki. Mita zetu 4.3 za ujazo kwa sekunde zikigawanywa kwa 0.15 zinadai karibu mita za mraba 29 za uwazi mtupu.

Uwazi mtupu si ukubwa wa chujio. Kwa chujio la nyaya za kabari, yaani silinda iliyozungushiwa waya ambao upande wake mpana umetazama nje, sehemu iliyo wazi ni upana wa ufa ugawanywe kwa jumla ya ufa na waya. Ufa wa milimita 2 na waya wa milimita 2 ni 50%, kwa hiyo unahitaji mita za mraba 57. Ukitaka ufa wa milimita 1 ili kuzuia mayai na mabuu zaidi, na waya ukawa milimita 1.75, uwazi ni 36% tu na unahitaji karibu mita za mraba 79. Hapo ndipo akiba ya hatua ya kwanza inapoonekana: kwa mita za ujazo 2.8 badala ya 4.3, chujio hilohilo linashuka hadi mita za mraba 52 hivi.

Ongeza ziada ya uchafu. Nusu ya matundu yakiziba kasi inakuwa maradufu, na 0.15 yako ya kwenye michoro imekuwa 0.3 halisi. Chujio la nyaya za kabari hufanya kazi vizuri penye mkondo unaopita kando yake, mita 0.3 kwa sekunde au zaidi, kwa kuwa mkondo ndio unaobeba mabuu na majani na kuyapitisha. Ukiliweka kwenye kona ya maji yaliyotulia litajaa takataka na hakuna cha kuziondoa. Liwekee tangi la hewa iliyobanwa la kulipulizia kutoka ndani, na lipulize mkondo ukiwa na nguvu, si maji yakiwa yamelala, la sivyo uchafu ule ule utarudi kukaa palepale. Baharini, chuma cha pua cha kawaida huota kome na chaza upesi. Aloi ya shaba na nikeli hustahimili zaidi, ingawa nayo hutoa shaba kidogo majini.

Kama mtambo una machujio ya kuzunguka ya aina ya zamani, yenye matundu ya milimita 9.5 na yanayozungushwa mara moja kila zamu, hapo samaki hubanwa kwa masaa hadi wanakufa kwa kukosa pumzi. Si lazima kuyang'oa. Badilisha paneli zake kwa zile zenye ndoo chini ya kila fremu, kisha uyazungushe mfululizo, mchana na usiku.

Mwangalie samaki mmoja anavyopanda kwenye chujio lililobadilishwa vizuri. Amechoka, amelala juu ya wavu. Fremu inapoinuka kutoka majini anateleza na kuangukia kwenye ndoo yenye maji ya kina cha sentimita 5 au zaidi. Mdomo wa ndoo umekunjwa ili maji yasizunguke humo kwa kasi na kumgonga ukutani. Akifika juu, ndoo inapinduka, na mnyunyizo wa upole, wa shinikizo la bar 0.7 hadi 1.5, unamtelezesha kwenye mfereji. Baada yake tu ndipo mnyunyizo mkali wa bar 5 hadi 7 unakwangua majani na plastiki kuelekea mfereji mwingine. Kosa linaloonekana mara kwa mara ni minyunyizo hiyo kupangwa kinyume, au yote kumwaga kwenye mfereji mmoja, samaki na takataka pamoja. Hapo ndoo zote zile ni mapambo.

Mfereji wa kuwarudisha uwe laini ndani, usio na kona kali, uliofunikwa dhidi ya ndege, na maji yakimbie humo karibu mita 1 kwa sekunde. Mwisho wake uwe chini ya kina cha maji hata maji yakitoka kabisa. Uwe mbali na mlango ili samaki asivutwe tena, na mbali na maji ya moto. Tembelea mwisho huo mara kwa mara. Ukikuta samaki wakubwa na ndege wamepiga kambi wakingoja chakula, usogeze au uugawe sehemu mbili.

Mlango ulio nje baharini, bomba lililosimama kama kisima na mdomo wazi juu, unahitaji kofia. Samaki huhisi mkondo wa mlalo na kuukimbia; mkondo wa kushuka wima hautambui vizuri. Bamba lililowekwa juu ya mdomo hugeuza mkondo uwe wa mlalo, na kwa kifaa kisicho na mota wala kitu kinachosogea umepunguza samaki wengi wanaoingia. Mabuu haliwasaidii.

Sauti za kufukuzia samaki nazo hufanya kazi, lakini kwa jamii zenye usikivu mkali kama dagaa wa baharini na jamaa zao. Samaki wa mchangani wasio na kibofu cha hewa hawazijali. Jua kwanza ni nani anayebanwa kwako.

Konyeza, wale viumbe laini wa baharini wanaowasha, ni habari nyingine. Wakija kwa makundi huziba kila kitu. Mwaka 2013 walizima kinu cha tatu cha mtambo wa nyuklia wa Oskarshamn nchini Sweden. Chujio linalotembea polepole halitawashinda. Uwe na kasi ya pili ya dharura ya kuzungusha, kipimo cha tofauti ya kina mbele na nyuma ya chujio chenye kengele, na amri iliyoandikwa wazi ya kupunguza mzigo mapema. Kuendelea kuvuta maji kwa nguvu kunawasaga na kuwageuza uji unaopita hadi kwenye kondensa.

Dawa: kidogo, kwa wakati, na ikiwa imepimwa

Klorini hutiwa ili kome, chaza na ute visiote ndani. Katika maji ya bahari haikai klorini. Hugusana na bromidi iliyomo na kuwa bromini hai, nayo huacha mabaki ya kemikali, bromofomu na jamii yake. Mita zetu 4.3 za ujazo kwa sekunde, yaani 15,400 hivi kwa saa, zikitoka na masalia ya dawa ya miligramu 0.2 tu kwa lita, ni kilo 3 za dawa hai zinazoingia baharini kila saa. Namba ndogo ya maabara si ndogo baharini.

Anza kwa kusafisha bila dawa. Vimpira vya sponji vyenye kipenyo cha milimita 1 hadi 2 zaidi ya mrija husukumwa na maji yenyewe kupita kwenye mirija, hunaswa upande wa pili na kurudishwa mwanzo. Idadi ya kawaida mzungukoni ni kama 10% ya idadi ya mirija. Toa kimoja kila wiki ukipime kwa kipimo cha pete: kikipita bila kubanwa kimekwisha, hakisafishi tena. Na vihesabu. Ukitia 500 ukakusanya 430, vile 70 vimekwama kwenye mirija au viko baharini vikiwa takataka za mpira. Mara nyingi kosa ni wavu wa kunasia usiokaa sawa kwenye ukuta wa bomba. Pengo la milimita chache linatosha.

Kwa dawa yenyewe, acha kutia mfululizo kwa kiwango kimoja mwaka mzima. Kome anapohisi klorini hufunga gamba na kusubiri. Anaweza kusubiri siku nyingi. Ukitia kwa vipindi vifupi na kuacha mapumziko mafupi, anafungua kupumua na kukutana na dozi mpya, kisha anachoka kwa kufungua na kufunga. Njia hii hutumia dawa kidogo kuliko ile ya mfululizo, lakini urefu wa kipindi na wa pumziko haunakiliwi kutoka kwa jirani. Unapatikana kwa kuwafunga kome wa mahali hapo vihisi vya magamba na kuona wanachukua dakika ngapi kufungua. Kwa maji baridi na kwa ute wa bakteria pekee, mara nyingi dakika chache kwa siku kwa kila kondensa zinatosha. Kanuni za Marekani kwa mitambo mikubwa ya maji ya kupita mara moja zinaweka kikomo cha miligramu 0.2 kwa lita na masaa 2 kwa siku kwa kila kinu.

Tia kondensa moja baada ya nyingine, si zote pamoja. Maji ya kondensa zisizotiwa dawa yakikutana na ya ile iliyotiwa, masalia huliwa kabla hayajafika nje.

Yakibaki, yaondoe kwa sodiamu bisulfaiti: miligramu 1.46 kwa kila miligramu 1 ya klorini, ongeza 10% ya tahadhari na usizidishe. Ziada yake hula oksijeni ya maji, miligramu 1 ya oksijeni kwa kila 6.5 hivi, nawe utakuwa umeondoa sumu ukaleta ukosefu wa pumzi. Sampuli ya masalia ipimwe papo hapo ukingoni, ndani ya dakika chache. Ukiibeba hadi maabara upande wa pili wa kiwanja, jua na joto vimeshaila, na karatasi yako itasema sifuri wakati bahari inasema vingine.

Njia isiyo na dawa kabisa kwa kome ni kurudisha maji ya moto kwenye njia ya kuingilia hadi yafike nyuzi 38 hadi 40 kwa saa moja hivi. Inahitaji milango ya kugeuzia maji iliyojengwa tangu mwanzo. Ifanye kome wakiwa wadogo. Ukingoja wakue, magamba yatadondoka kwa maelfu na kuziba kondensa uliyotaka kuilinda.

Mirija ya shaba na nikeli au ya shaba nyeupe inapofika mwisho wa maisha yake, weka titani baharini au chuma cha pua mtoni. Shaba inayomomonyoka polepole kwa miaka huishia kwenye nyama ya chaza waliopo nje.

Mnara wa kupoozea

Ukizungusha maji yaleyale kupitia mnara, kondensa ya MW 140 inahitaji kuongezewa mita za ujazo 213 hivi kwa saa badala ya 15,400. Viumbe wanaovutwa wanapungua kwa zaidi ya 98%. Hakuna chujio linalofikia hapo. Lakini mnara hupeleka takriban mita 160 kati ya hizo angani na hazirudi, kwa hiyo kwenye mto mwembamba au nchi kavu uamuzi si mwepesi.

Katika mnara, udhibiti wote uko kwenye ukolezi, yaani chumvi ya maji ya mzunguko imekuwa mara ngapi ya ile ya maji mapya. Maji ya kumwaga, yaani yanayotolewa ili chumvi isizidi, ni yale ya mvukizo yagawanywe kwa ukolezi ukitoa 1. Kwa mvukizo wa 160, ukolezi wa 2 unamwaga 160. Wa 3 unamwaga 80. Wa 4 unamwaga 53, na 160 ukijumlisha 53 ndizo zile 213 za hapo juu. Wa 6 unamwaga 32. Wa 10 unamwaga 18. Faida kubwa iko kati ya 2 na 5. Kupanda kutoka 6 hadi 10 kunaokoa mita 14 tu kwa saa na kunaleta ukoko, ulikaji na maji ya kumwaga makali zaidi kwa kijito kinachoyapokea.

Kikomo chako kinawekwa na madini ya maji mapya. Silika isizidi miligramu 150 hivi kwa lita kwenye mzunguko: maji mapya yakiwa na 30, mwisho wako ni 5. Ukitia asidi ya salfa kuzuia ukoko wa chokaa, salfeti inapanda na zege la beseni linaliwa. Ukitumia fosfoneti, dawa ya kuzuia ukoko yenye fosforasi, fosforasi hiyo inakwenda na maji ya kumwaga na kulisha mwani. Pima ukolezi kwa magnesiamu au silika, usitegemee kloridi ikiwa unatia klorini. Na kama ukolezi haupandi ingawa vali ya kumwaga imefungwa, acha kumlaumu kipimo: angalia boya la beseni, maana mara nyingi maji yanafurika kimyakimya usiku kucha.

Maji ya kumwaga yachote kwenye beseni baada ya mnara, kamwe si kwenye bomba la moto linalotoka kondensa. Mahali pa kuunganisha bomba moja tu panapunguza joto linalomwagwa kwa nyuzi 10 hivi.

Vizuia manyunyu vizuri hupunguza matone yanayoruka hadi 0.0005% ya mzunguko, lita 60 hivi kwa saa kwa mnara huu. Vya zamani vya 0.02% huachia lita 2,400. Matone hayo hubeba chumvi inayoua majani na yanaweza kubeba Legionella, bakteria wa homa ya mapafu anayestawi kati ya nyuzi 20 na 45, yaani joto hasa la mnara. Kagua viungio vya paneli: pengo moja la mkono linavuka kazi ya paneli zote.

Maji taka yaliyosafishwa ni chanzo kizuri. Mtambo wa nyuklia wa Palo Verde katika jangwa la Arizona unayategemea. Ondoa amonia kwanza, kwa sababu inakula mirija ya shaba na kumeza klorini, kisha fosfeti, kwa sababu hushikamana na kalisi na kuwa ukoko mgumu.

Pasipo na maji, kuna kondensa ya hewa. Matimba nchini Afrika Kusini, yenye karibu MW 4,000, inapoozwa hivyo. Gharama ya kuijenga ni kubwa na siku za joto kali umeme unapungua waziwazi. Hata hivyo haivuti maji ya kupoozea.

Mahali pa kutolea

Usishushe joto la maji ya kutokea kwa kuongeza pampu za kuyachanganya na maji baridi kabla hayajatoka. Kipimajoto kitafurahi, lakini umevuta mabuu wengine kwa ajili ya kupamba namba. Changanya nje, kwa bomba la kutawanyia.

Mwongozo wa Benki ya Dunia na IFC, tawi lake la sekta binafsi, unataka ongezeko lisizidi nyuzi 3 kwenye ukingo wa eneo la mchanganyiko, yaani eneo lililotengwa maji ya moto yachanganyike na ya mahali. Maji yaliyopanda nyuzi 12 yanafika hapo kila sehemu moja ikichanganyika na tatu za maji ya mahali. Kwa mita 2.8 za ujazo kwa sekunde, matundu 22 ya kipenyo cha sentimita 20 hutoa maji kwa kasi ya mita 4 kwa sekunde na kudai kimo cha ziada cha mita 0.8 hivi tu kutoka kwa pampu. Jumla ya eneo la matundu ibaki chini ya theluthi mbili ya eneo la bomba, ili tundu la mwisho lipate maji sawa na la kwanza. Yaelekeze juu kwa nyuzi 20 hadi 30 za pembe, yasifukue mchanga wala kuchoma nyasi bahari. Penye matumbawe nyuzi 3 ni nyingi mno: nyuzi 1 tu juu ya kilele cha kawaida cha msimu wa joto, ikikaa wiki kadhaa, inatosha kuyapausha. Hapo bomba lisogezwe mbali, hata likigharimu.

Joto huondoa oksijeni pia. Maji yasiyo na chumvi yaliyoshiba oksijeni hubeba miligramu 9.1 kwa lita kwenye nyuzi 20, na 7.6 tu kwenye 30. Kwa hiyo saa ya hatari ni alfajiri ya siku za kiangazi, mto ukiwa mdogo na mimea ikiwa imemeza oksijeni usiku kucha. Weka masharti ya kupunguza mzigo kabla ya siku hizo kufika. Ufaransa ililazimika kulegeza masharti ya joto la mito yake katika viangazi vya 2003 na 2022.

Kwenye nchi za baridi kuna hatari ya kinyume. Samaki hukusanyika kwenye maji ya moto majira ya baridi, mtambo ukizimwa ghafla joto hushuka na wanakufa kwa wingi. Shusha mzigo taratibu, na usizime vinu vyote kwa matengenezo mwezi mmoja.

Pima kwa vihisi vinavyorekodi kila dakika 15, juu, katikati na chini, angalau siku 15 mfululizo ili upate maji makuu na maji mafu, yaani siku bahari inapojaa na kutoka sana na siku inapojaa na kutoka kidogo. Maji ya moto huelea. Kihisi kimoja cha katikati kinaweza kukuambia hakuna tatizo huku juu yake kuna tabaka la moto la mita moja. Weka kihisi kingine mlangoni, na kingine mbali kabisa na mtambo pa kulinganishia. Mlango ukisoma nyuzi 1 zaidi ya kule mbali, maji yako ya moto yanarudi kuvutwa tena, na utupu wa kondensa unaharibika kwa kosa la ramani. Kihisi cha mbali kitolewe majini na kusawazishwa pamoja na vingine kila baada ya miezi 3, ndani ya ndoo moja ya maji, vyote vikisoma kitu kimoja kabla ya kurudishwa majini.